Choo kwanza, doria baadaye: mwongozo kamili wa kuendesha chama cha wakazi wa ziwa

Fika mwalo wowote (mahali mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki) wa Ziwa Victoria uulize BMU ni nini. Wengi watakujibu, "Ni wale wa kukamata nyavu." Hapo ndipo ubaya unapoanzia. BMU (Beach Management Unit), yaani vikundi vya usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, viliundwa ili wakazi washike wenyewe mambo ya ziwa lao, lakini vingi vinaanza kazi kwa doria, na doria bila imani ya watu haichukui muda kugeuka kuwa rushwa au ugomvi.

Mwongozo huu unapanga kazi kinyume na ilivyozoeleka. Uandikishaji na fedha vinatangulia, kisha choo, dagaa na usalama wa watu majini, na kukamata nyavu kunakuja mwisho kabisa. Mvuvi ambaye chama kilimfuata kumwokoa usiku wa dhoruba hana sababu ya kukificha chama hicho kokoro (wavu haramu wa kuburuza) la jirani yake. Nimeandika zaidi kwa upande wa Tanzania, ila wa Kenya na kwingineko watakuta mengi yanafanana.

Hatua ya 1: Chagueni chama gani

Kama wakazi wengi wanakula kwa uvuvi, anzisheni BMU. Tanzania inaitambua kupitia Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za 2009. Kenya ina kanuni za BMU tangu 2007. Mlango wa kubisha hodi ni wa mtendaji wa kijiji na afisa uvuvi, ambaye ndiye atakayewaongoza kwenye usajili. Andikeni mipaka ya mwalo kwa vitu vinavyoonekana: kutoka mwamba fulani hadi mdomo wa mto fulani. Mipaka ya maneno ya mdomo ndiyo inayoleta ugomvi kati ya mialo miwili siku samaki wakihamia upande mmoja.

Kama wakazi wengi ni wakulima, wenye nyumba za wageni au watu wa bustani za kumwagilia, kuna njia mbili nyingine. Mnaweza kuwa kikundi cha kijamii kilichosajiliwa halmashauri, au jumuiya ya watumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Hiyo ya pili husimamiwa na bodi ya maji ya bonde. Kwa Kanda ya Ziwa ofisi yake iko Mwanza.

Jambo moja linarukwa kila mara. Sheria ndogo mlizoandika kwenye daftari na kupigiwa makofi kikaoni hazina nguvu yoyote mpaka zipite mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kabla ya hapo faini yenu ya shilingi elfu hamsini ni ombi tu, na mtu akiwashtaki mtairudisha. Fuatilieni idhini hiyo hata ikichukua mwaka.

Chama cha wenye ardhi kandokando ya Ziwa Naivasha, Kenya, kinafaa kutazamwa kabla hamjaamua nani awe mwanachama. Kimekuwepo tangu 1929. Kilipigania ziwa mpaka likaingia orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu, mwaka 1995, na mwaka 1999 kikatunukiwa tuzo ya Ramsar. Hata hivyo, mpango wake wa usimamizi ulipotangazwa gazeti la serikali mwaka 2004, ulipelekwa mahakamani ukakwama, kwa sababu wafugaji wanaonywesha ng'ombe hapo waliona umewaacha nje. Kwa upande mwingine, Naivasha ndiko pia watumia maji wa bondeni walikokubali kuwalipa kwa vocha wakulima wa milimani ili wapande nyasi na miti kwenye miteremko, udongo usishuke ziwani. Nawapenda kwa hilo la pili. Mto unaoingia kwenye ghuba yenu unatoka kwa watu ambao huenda hawajawahi kuuona mwalo wenu, na ni vizuri wawe na kiti kikaoni.

Hatua ya 2: Daftari la watu

Miongozo ya BMU iliyotolewa na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lile lenye makao Jinja, inataka mkutano mkuu wa wanachama wote na kamati ya watu 9 hadi 15. Viti vinagawanywa: wenye vyombo asilimia 30, wavuvi wasio na vyombo asilimia 30, wachuuzi asilimia 10, na wengine (wachakataji, mafundi mitumbwi, washona nyavu) asilimia 30, na lazima wanawake wawemo. Sababu ya mgawanyo huo utaiona siku ya kwanza usipoufuata: matajiri wenye mitumbwi kumi kumi watajaza kamati, na mvuvi wa kambini hatafungua mdomo mbele ya mtu anayemlipa.

Daftari lenyewe liwe kubwa, la jalada gumu, likae ofisini, na nakala yake ipigwe picha kwa simu kila mwezi. Safu zake: jina, kazi mwaloni, chombo anachofanyia kazi na namba yake, alikotoka, tarehe ya kufika, namba ya simu, na safu ya mwisho, "ndugu wa kupigiwa simu". Msiiache hiyo ya mwisho. Wavuvi wa kambini huhama na samaki. Leo yuko Ukerewe, mwezi ujao yuko Muleba, na mwaloni anajulikana kwa jina la utani tu. Akizama, watu wanabaki na maiti ya "Mapesa" au "Mzee wa Kazi" bila kujua wampeleke kwa nani. Chama kitakachoweza kupiga simu moja Kibondo au Bunda, ndugu wakaja kumzika mtu wao, hakitahitaji kujieleza tena kwa wavuvi.

Mkutano mkuu uitisheni mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa kipindi cha giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti samaki, na watu wa dagaa wanakaa nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu. Mkutano wa kipindi cha giza, saa nne asubuhi, utahudhuriwa na wazee na watoto, maana wengine ndio kwanza wamelala.

Hatua ya 3: Fedha, kabla hazijaingia

Mwishoni mwa 2015 Rais Museveni alisimamisha BMU zote za Uganda, na mwaka 2017 jeshi likaingia ziwani kusimamia uvuvi. Lawama dhidi ya BMU zilikuwa nyingi, na rushwa ilikuwa mojawapo kubwa. Yaliyofanywa na askari nayo yalilalamikiwa sana, hilo ni jambo lake. Kwa chama changa, cha kushika hapo ni kwamba serikali yoyote inaweza kuwanyang'anya kazi ndani ya siku moja kama hesabu zenu hazisomeki.

Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa fedha, na mmoja wa watatu awe mwanamke mfanyabiashara wa dagaa. Watu hao hawachezewi kwenye hesabu. Kila shilingi inayoingia ipate stakabadhi yenye namba. Kama halmashauri imewapa uwakala wa kukusanya ushuru kwa mashine ya POS, fedha hiyo ni ya halmashauri. Msiiazime "mpaka kesho". Ya kwenu ni ile kamisheni tu.

Kila mwisho wa mwezi bandikeni karatasi moja kwenye mbao za matangazo, kwa mkono, herufi kubwa: tulianza na kiasi gani, kimeingia nini, kimetoka nini, kimebaki nini. Mstari mmoja kwa kila tumizi. "Matumizi mengineyo" isionekane hata siku moja.

Vikundi vidogo ndani ya chama vinaweza kuomba ule mkopo usio na riba wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Kikundi kiwe na usajili, katiba na akaunti yake. BMU yenyewe haiombi.

Hatua ya 4: Choo, maji na dagaa

Mwalo wa watu mia tano usio na choo unaligeuza ziwa kuwa choo, bafu na kisima kwa pamoja. Mayai ya kichocho yanatoka kwenye kinyesi na mkojo, yanaanguliwa majini, yanaingia kwa konokono wadogo wa kwenye majani ya pembeni, kisha vijidudu vinatoka kwa konokono na kupenya ngozi ya yeyote aliyesimama kwenye maji anafua au anaosha dagaa. Dawa ya prazikwanteli inaua minyoo iliyomo mwilini, ila haimzuii mtu kuambukizwa tena wiki inayofuata akirudi majini. Kwa hiyo ugawaji wa dawa shuleni, mzuri kama ulivyo, hautoshi bila choo. Kipindupindu kina njia fupi zaidi: kinyesi, maji, mdomo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Choo kijengwe nyuma ya mstari huo. Pimeni kwa kamba iliyofungwa fundo kila mita kumi, na pimeni kutoka maji yanapofika masika, siyo yalipo Agosti. Udongo wa mwaloni ni mchanga. Shimo lisilojengewa litaporomoka, na maji ya chini ya ardhi yako karibu. Mkigonga maji kwa kina kifupi, msiendelee kuchimba. Inueni choo juu ya ardhi kwa matofali, shimo fupi la kujengewa, ngazi nne tano, na mpango wa kulinyonya likijaa. Matundu ya wanawake yatazame upande tofauti na ya wanaume. Mlango uwe na komeo la ndani. Bila komeo hawataingia, hata mkijenga kwa vigae.

Choo cha bure cha umma mwaloni hufa baada ya miezi michache. Mpeni mtu mmoja akisafishe na atoze kiasi kidogo, mzee au mama anayekaa hapo kutwa nzima. Watoto na wagonjwa wasitozwe.

Halafu dagaa. Zikianikwa chini zinashika mchanga na kinyesi cha kuku, na mvua ikinyesha zinaoza mahali zilipo na kuuzwa kama chakula cha mifugo kwa bei ya kutupa. Vichanja vinamaliza sehemu kubwa ya tatizo hilo: nguzo za urefu wa kiuno, fito, na juu wavu wa matundu madogo uliokazwa. Hewa inapita chini na juu, dagaa zinakauka haraka, na mvua ikitishia watu wawili wanakunja wavu na kuukimbiza bandani. Kwenye soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, wanunuzi wa kutoka Kongo wanachota kiganja, wanakipepeta, wanasikiliza kama kuna mchanga unaodondoka. Tofauti ya bei wanaipanga palepale. Chama kianze na vichanja vichache vya mfano, kivikodishe, fedha ijenge vingine.

Kuna jambo watu hulisema kwa kunong'ona. Samaki wakipungua, mwanamke mchuuzi anaambiwa hapati ndoo ya dagaa mpaka "aelewane" na mvuvi. Upande wa Kenya wanaiita jaboya, na ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za maambukizi makubwa ya VVU kwenye jamii za wavuvi. Wanawake wa Nduru, karibu na Kisumu, walianza mwaka 2011 kumiliki mitumbwi yao wenyewe ili waondokane nayo. Ni njia nzuri, lakini mtumbwi ni ghali. Njia ya bei nafuu ni foleni. Karani wa chama anagawa namba alfajiri kabla vyombo havijafika, bei ya ndoo ya siku inaandikwa ubaoni kwa makubaliano ya wauzaji na wanunuzi, na chombo kikitia nanga kinauza kwa kufuata namba. Nahodha anayeruka namba anasubiri mwisho kesho yake. Simamieni hilo kwa ukali kuliko faini zote, na malalamiko yapokelewe na mjumbe mwanamke faragha.

Hatua ya 5: Watu warudi salama

Ziwa Victoria lina dhoruba za usiku. Mchana bara hupata joto na upepo unavuma kutoka ziwani. Usiku maji yanabaki na joto kuliko nchi kavu, upepo unageuka, hewa kutoka pande zote inakutana katikati ya ziwa, inapanda, na radi zinafuata kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Saa hizohizo ndizo watu wa dagaa wako kilindini na taa zao.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Ziwa Victoria wenye upepo na urefu wa mawimbi. Utabiri upo, kinachokosekana mwaloni ni mtu wa kuupokea. Chagueni mmoja mwenye simu janja na msaidizi wake. Saa kumi jioni, kabla vyombo havijatoka, asome utabiri kwa kipaza sauti na apandishe bendera: nyeupe endeni, njano msiende mbali, nyekundu lala nyumbani. Atabishiwa. Kuna siku atapandisha nyekundu na ziwa litalala kama kioo, na kesho yake watamcheka. Kamati isimame naye siku hiyo.

Chombo kikitoka, nahodha anataja watu wangapi na upande gani, karani anaandika. Asubuhi karani anapiga tiki waliorudi. Ikifika saa tatu kuna jina halina tiki, hakuna kujadiliana, injini inawashwa. Chama kiwe na chombo kimoja cha zamu, kwa mzunguko baina ya matajiri (wenye vyombo), na dumu la mafuta lililofungwa kwa kufuli lenye maandishi ya rangi nyekundu: UOKOAJI. Mafuta hayo hayakopeshwi hata kwa mwenyekiti. Namba za dharura, 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya Polisi, ziandikwe ukutani.

Jaketi okozi moja moja ni bei mbaya. Nunueni kwa pamoja, tajiri akatwe kidogo kidogo. Sharti la chama liwe kuvaa. Kuwa nalo limefungwa chini ya ubao wa kukalia hakumsaidii mtu. Wavuvi wanalalamika linabana wakati wa kuvuta wavu, na wana haki, hivyo chagueni yale membamba ya sponji badala ya yale manene ya abiria.

Na kama kuna anayeona kazi hii ni ya serikali peke yake: kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wavuvi na wakazi wa hapo walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuwafikia watu waliokuwa majini.

Hatua ya 6: Mazalia na gugu maji

Sato hutaga kwenye maji mafupi. Dume huchimba kiota mchangani, na jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni. Kokoro likiburuzwa hapo linafuta viota na kukusanya mama na watoto kwa mkupuo mmoja. Waulizeni wavuvi wazee ni ghuba ipi, kati ya mafunjo na matete, wanakoona vifaranga, wanaijua. Mkutano mkuu uipitishe iwe mazalia, yaani mahali pa samaki kuzaliana pasipovuliwa, iwekewe maboya ya rangi, na anzeni na eneo dogo ambalo mlinzi anaweza kuliona akiwa mwaloni. Vizimba vya kufugia samaki visiwekwe hapo wala kwenye maji yaliyotuama. Mabaki ya chakula yanazama, yanaoza na kumaliza hewa ya samaki.

Gugu maji lipo ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wadudu waliolipunguza waliletwa miaka ya 1990. Halijaisha, na mbegu zake hukaa tope kwa miaka mingi. Likija na upepo lipelekeni nchi kavu zima zima. Msilikatekate majini, vipande vinachipua. Vaeni viatu vya mpira, kwa maana nyoka na konokono wamo humo. Lirundikwe mbali na ukingo likauke, baadaye ni mbolea.

Kwa wa Ziwa Tanganyika kuna la ziada. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Chama kinachosubiri tangazo kimechelewa. Anzeni kukata akiba kwa kila mauzo mapema mwaka unapoanza, na miezi ya kufunga iwe ya kutengeneza mitumbwi, vichanja na choo.

Hatua ya 7: Doria

Sasa. Tengenezeni ubao wa kupimia wenye alama mbili: sentimita 50 kwa sangara, 25 kwa sato. Uwekwe mahali samaki wanapopakuliwa, kila mtu apime mwenyewe. Elezeni sababu: jike la sangara hupevuka akiwa mkubwa kuliko dume, na akivuliwa mdogo hajawahi kuzaa hata mara moja. Kokoro, timba (nyavu za plastiki za uzi mmoja), katuli (kupiga maji ili samaki wakimbilie wavuni), sumu na baruti ni marufuku. Ukubwa wa matundu ya nyavu hubadilishwa na kanuni mara kwa mara, kwa hiyo mwombeni afisa uvuvi awape karatasi ya mwaka huo yenye muhuri mbandike.

Doria isitoke bila afisa uvuvi au askari, na isiwe na watu chini ya wanne wenye vitambulisho. Wajumbe wabadilishwe kila mwezi. Mkikamata, jazeni palepale orodha ya kila kitu: nyavu ngapi, injini aina gani na namba yake, samaki kilo ngapi, nani na nani walikuwepo. Mtuhumiwa atie saini au dole, abaki na nakala. Vielelezo vifike kituo cha polisi siku hiyohiyo na mpate namba ya jalada. Samaki wanaoharibika, afisa uvuvi ndiye anayeamua wauzwe au wagawiwe wapi. Mjumbe wa doria asionekane akibeba hata mkia. Nyavu msizichome wenyewe mbele ya kamera. Subirini amri, kwa kuwa zikichomwa kabla ya kesi hakimu hana cha kutazama, na mwenye nyavu atarudi mwaloni akiwadai fidia.